Kijio cha Kabla ya Taa

3 Machi 1970

Mimi ni mke wa Vitalis! Nimeandika jina langu jipya mara nyingi nyuma ya daftari hili, Marselina Vitalis, Bibi Vitalis, Mama fulani Vitalis, na kila nikiliandika naona haya kama vile kuna mtu anachungulia. Tulifunga ndoa Kilosa kabla ya Kwaresima, na sasa nimeletwa hapa kwao, katika kijiji hiki kipya cha Ujamaa kilicho kando ya reli ya kwenda Mikumi. Nyumba ni za miti na udongo na zimepangwa mistari miwili. Mvua imeanza. Vitalis anafanya kazi ya reli, anatengeneza njia na wenzake, na jioni wanarudishwa kwa kiberenge. Nikisikia kile kiberenge kinalia kwenye kona, moyo wangu nao unalia hivyo hivyo.

Nyumbani yupo mama yake, Mama Domina, mzee mpole mwenye sauti ndogo. Na yupo dada yake, Hildegarda, aliyerudi kwao baada ya kuachwa na mume huko Ruhembe. Huyu ndiye mwenye jiko. Pia ndiye kiongozi wa kina mama wa kijiji, na anatembea kama mtu anayefuatwa na watu hata akiwa peke yake.

Jana, siku yangu ya kwanza kuketi nao, Mama aliuliza, "Kijio tayari?" Nami, kwa wema tu, nikauliza kijio ni nini. Darasani tulifundishwa chamcha na chajio, na hata hayo hakuna aliyeyatumia nje ya mtihani. Hildegarda alicheka mpaka akashika ubavu.

"Jamani, Fomu Foo hajui kijio! Huko shuleni mlikuwa mnakula nini, wifi? Chaki?"

Vitalis naye alicheka, kidogo tu, na meno yake yalivyo mazuri nilimsamehe hapo hapo. Hildegarda sijamsamehe.

4 Machi

Mvua. Mlenda. Vitalis kaniita "ua langu" mbele ya watu.

8 Machi

Leo Mama Domina kaniita kando akanieleza desturi ya nyumba hii. Bibi harusi anapika kwenye jiko la mama mkwe mpaka siku ile mama mkwe atakapokula kijio chake. Siku hiyo anapewa mafiga matatu na kujengewa jiko lake, na tangu hapo chakula cha mume wake ni juu yake yeye, si juu ya mtu mwingine.

Jiko langu mwenyewe! Mimi na Vitalis, na moto wetu, na sufuria zangu za harusi ambazo bado zina karatasi za dukani! Nilitaka kumkumbatia yule mzee. Kesho napika kambale na ugali laini. Naona keshokutwa nitakuwa na mafiga.

9 Machi

Mama alinawa, akala vizuri, akalamba hata kidole. Kisha akasema, "Chakula kizuri sana, mwanangu. Lakini si kijio."

Hildegarda aliangalia pembeni, lakini niliuona mdomo wake ulivyokuwa ukihangaika kuzuia kicheko.

15 Machi

Nimepika majani ya kunde kwa karanga. "Chakula kizuri, mwanangu. Si kijio." Nimepika dagaa kwa nyanya. "Kizuri. Si kijio." Nilimwuliza Vitalis, akanishika kidevu akasema kijio ni kijio, chakula cha jioni cha mama, basi. Wanaume! Lakini alinishika kidevu.

Ikanibidi nimeze aibu, nikamwuliza Hildegarda.

"Wifi, nisaidie. Kijio kinapikwaje?"

Akaniangalia kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake. "Ah, wifi yangu! Kumbe hilo tu? Kijio ni ugali wa mtama. Mtama wa kusaga kwa jiwe, si wa mashine. Na usimwulize Mama maneno ya chakula, kwetu huo ni utovu wa adabu."

Nilimshukuru! Nilimwita dada!

17 Machi

Nimesaga mtama kwa jiwe toka asubuhi. Viganja vimechubuka, kalamu siwezi kuishika sawasawa. Mama alikula, akasema, "Mtama mzuri. Si kijio."

Nilipokuwa nakusanya vyombo Hildegarda alipita karibu na sikio langu. "Labda mkono bado una chaki, wifi."

Alinidanganya. Alinitazama nikisaga kutwa nzima, akaniletea hata maji ya kunywa, na huku anajua. Naandika hapa ili nisije nikasahau siku nikiwa na furaha, maana mimi husahau upesi nikiwa na furaha: huyu mwanamke nitamlipa. Sijui kwa njia gani wala lini. Lakini nitamlipa, na nitamlipa nikiwa natabasamu.

29 Machi

Pasaka! Vitalis kaniletea kanga kutoka Kilosa, nyekundu yenye maua meupe, akaificha ndani ya shati mvua isiilowanishe, kwa hiyo imefika na joto la kifua chake. Nimevaa kutwa. Nilichinjiwa kuku nikampika kwa mikono yangu. Nilipoepua chungu Hildegarda alikuwa anawasha kibatari, akanimulikia njia mpaka mkekani. Nilidhani ni kwa heri ya sikukuu.

"Kuku mtamu, mwanangu," akasema Mama. "Si kijio."

Nililia nyuma ya nyumba. Vitalis akaja akanifuta machozi kwa ile kanga mpya. "Wewe na dada mtapatana," alisema. Kwani nani kamwambia habari ya dada? Basi anaona! Anaona na anakaa kimya, kipenzi changu. Nimemkasirikia kwa muda mfupi sana.

11 Aprili

Mvua.

12 Aprili

Mvua. Barabara ya Kilosa imekatika. Vitalis karudi na tope mpaka kwenye nyusi, na alipendeza.

18 Aprili

Shamba la kijiji. Hildegarda ndiye anayegawa mistari ya kupalilia. Mimi amenipa ule wa mwisho, kule bondeni kwenye maji, ambako jembe linatoka na udongo mzito kama mtoto mchanga. Jirani yangu wa mstari ni Mwamvua, mke wa mwenye kiduka, mwanamke mwenye maneno.

"Shoga, unapaliliaje kwa hasira hivyo? Hayo magugu yamekukosea nini?"

Nikamwambia yote. Alisimama akaegemea jembe.

"Na wewe msomi mzima hujamwuliza bibi mwenyewe?"

"Wifi kasema ni utovu wa adabu."

"Wifi kasema!" Mwamvua alicheka mpaka kina mama wa mistari ya juu wakageuka. "Mwizi akikwambia usifunge mlango, nawe usifunge! Ngoja atoke, umwulize mama mkwe wako kwa shikamoo yako ya adabu. Hatakumeza, meno yenyewe yamebaki mangapi?"

22 Aprili

Hildegarda kaenda Kilosa kwa treni, kwenye mkutano wa viongozi. Nilikaa na Mama Domina tukitoa kunde kwenye maganda, nikamwamkia upya ingawa nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Una neno, mwanangu."

"Mama, kijio ni nini hasa?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa maji ni nini. Kisha akaweka ungo chini na kunieleza. Nitajaribu kuandika kama alivyosema.

Neno lenyewe si la kwao Mahenge. Yeye na marehemu mume wake, Mzee Wenceslaus, walilikuta Rudewa, kwenye kambi ya wakata mkonge, walipokuja vijana kutafuta kazi. Kambini kulikuwa na watu wa kila kabila, na wale waliotoka pwani ndio waliokuwa na Kiswahili kingi, kwa hiyo maneno ya vyakula yalikuwa yao. Jio, walisema, ni kule kuja kwa giza. Giza likiwa njiani linakuja lakini halijafika, hapo ndipo jioni, na kinacholiwa hapo ndicho kijio.

"Basi ni chakula cha jioni tu, Mama?"

"Ngoja. Mwaka mmoja kambi iliungua. Mtu alikuwa anakula na kibatari, kikaanguka, makuti yakashika. Watu walikufa, mwanangu. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa ndani." Alichukua ganda moja la kunde akalipasua taratibu. "Toka hapo mzee wako alikataza. Katika nyumba yake watu wale kabla taa haijawashwa. Taa ikiwashwa, kijio kimepita. Kinachokuja baadaye ni chakula tu, tunashukuru, tunakula. Hata alipofariki mimi sikubadilisha."

Nilikaa na kunde mkononi. Naona kibatari cha Pasaka. Naona vibatari vya siku zote. Kila mara nikiepua chungu, Hildegarda anawasha taa. Kila mara! Na ananimulikia njia!

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nilijua unajua. Nikasema, huyu anachelewesha makusudi, anamngoja mumewe na kiberenge chake, anataka wale pamoja. Mapenzi hayo. Nikakuacha."

Ningeweza kumsema Hildegarda pale pale. Maneno yalikuwa kwenye ulimi. Nikayameza. Nikimsema, Mama atamkaripia, yatakwisha, na mimi nitabaki mtoto aliyekwenda kushtaki. Sitaki akaripiwe. Nataka ashindwe.

24 Aprili

Nilijaribu kuwahi. Jua likiwa bado juu nikachukua unga. Nikakuta Hildegarda ameinjika maharage, chungu kikubwa, kwenye jiko letu hilo hilo moja.

"Wifi, naomba moto kidogo."

"Maharage hayana haraka, wifi yangu. Na wewe usiwe na haraka. Uko kwako."

Yalipoiva, wingu kubwa likatoka upande wa Mikumi, nje kukawa kama usiku, naye akawasha taa. Nilisikia ule mchirizo wa kibiriti kama kofi. Mama hatazami saa, anatazama taa.

30 Aprili

Jana niliwaza nimwage mafuta yote ya taa. Nilifika mpaka kwenye dumu. Kisha nikamfikiria Vitalis akifika kutoka kazini, amechoka, akiikuta nyumba imezama gizani na asiuone uso wangu. Sikuweza. Nimetafuta kisasi ambacho hakitamgusa mume wangu hata unywele, na ni kazi ngumu, maana wanaishi nyumba moja.

Leo nimemtumikia Hildegarda siku nzima. Nimemchotea maji. Nimemwita dada.

9 Mei

Vitalis kaniambia jambo tulipokuwa tunatembea kandokando ya reli (kanishika mkono hadharani, mbele ya mkuu wa kituo!). Kasema Hildegarda kule Ruhembe aliishi kwa mume miaka mingi na hakupewa jiko lake hata siku moja. Alipika kwenye jiko la mke mkubwa mpaka alipofukuzwa. Jiko la kwanza kuwa lake ni hili la Mama, na alilipata kwa sababu Mama alianza kuishiwa nguvu.

"Ukipewa mafiga, mimi nitakula kwako," alisema Vitalis. "Atabaki anampikia Mama peke yake. Hilo ndilo linalomuuma."

Nilimhurumia. Kweli nilimhurumia, njia nzima, na nikaamua kumsamehe. Nilipofika jikoni nikamkuta ametumia sufuria yangu moja ya harusi kuchemshia chakula cha nguruwe. Karatasi ya dukani ameitupa motoni.

Huruma ikaisha.

16 Mei

Mungu mkubwa! Jumatano atakuja Bwana Maendeleo kutoka Kilosa kuzungumza na kina mama wote wa kijiji, na mimi nimechaguliwa kuandika kumbukumbu za mkutano kwa sababu ya Kidato cha Nne changu. Hildegarda amefua gauni lake. Tangu habari zifike anatembea akisema peke yake, "Ndugu mgeni wetu mheshimiwa." Anafanya mazoezi.

Nilimwangalia akifanya mazoezi, na jambo zima likaja lote kwa pamoja, kama zawadi. Nikakimbia kwa Mwamvua kwenye matope bila viatu.

"Shoga," alisema Mwamvua nilipomaliza, "wewe ni mbaya. Karibu uketi."

20 Mei

Mkutano ulianza mchana, chini ya paa la shule ambalo halijaisha. Bwana Maendeleo alisema yake, kujitegemea, choo kwa kila nyumba, mahindi ya kupanda kwa mistari. Alimaliza mapema, akatazama saa. Hildegarda akasema neno fupi la shukrani, na kina mama wakaanza kufunga kanga zao waondoke. Hapo nikasimama na kalamu yangu.

"Ndugu zangu, samahani. Kwa ajili ya kumbukumbu, napendekeza Ndugu Hildegarda atueleze kijiji chetu kilivyoanza. Yeye ndiye aliyekuwapo toka mti wa kwanza. Mgeni wetu asiondoke bila kusikia."

Niliona uso wake. Kwanza ulishtuka, kisha ukanishuku, kisha ukatazama makofi yote yale, maana Mwamvua alikuwa ameshaanza kupiga makofi na wenzake wameitikia, na kina mama waliofunga kanga wakakaa tena. Hakuna mtu angeweza kuyaacha makofi yale. Akasimama.

Alianza na mti wa kwanza. Akataja kila nyumba, nani alileta fito, nani alikimbia nyuki. Alipofika kwenye habari ya kisima nikampa Mwamvua daftari langu ashike, nikanong'ona kwamba naenda haja.

Sikuenda haja. Nilikimbia! Kanga ya Pasaka juu ya magoti, kama msichana wa shule aliyechelewa kengele. Jiko lilikuwa tupu, moto umelala chini ya majivu. Niliupuliza mpaka machozi yakanitoka. Nilikuwa nimeficha samaki na unga toka asubuhi. Na huku nikikoroga nilisikia kwa mbali makofi, tena makofi, kisha wimbo, kisha kimya, kisha makofi tena.

Mwamvua amenisimulia baadaye. Kila Hildegarda alipotaka kukaa, yeye alinyoosha mkono. "Ndugu, umesahau habari ya yule chui." "Ndugu, tuambie vizuri, kisima kilichimbwa kabla ya shule au baada?" "Ndugu, mgeni hajasikia jinsi ulivyomjibu yule bwana aliyekataa kulima." Bwana Maendeleo alikuwa ameweka saa mfukoni akakata tamaa.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya milima lakini mbingu bado nyeupe nilipoweka ugali mbele ya Mama Domina. Kibiriti kilikuwa kwenye mfuko wa gauni la Hildegarda, juu ya jukwaa. Mama alinawa. Alitazama kibatari, kimezima. Alitazama mlango. Akamega tonge.

Alikula mpaka akamaliza. Nilisikia kiberenge kinapita kwenye kona.

"Marselina," alisema, "hiki ni kijio."

Vitalis aliingia akanikuta nalia na nacheka. Akala akiwa amesimama, na buti zake miguuni, kabla hata ya kuuliza kuna nini. Nyuma yake akafika Hildegarda, sauti imekauka, kibiriti kiko mkononi. Alituona sote. Aliona vyombo vitupu.

"Wifi," nikasema, na nilitabasamu kama nilivyoapa, "umehutubu vizuri sana. Nimeandika yote."

Alikiweka kibiriti juu ya chungu akaingia ndani. Mpaka sasa ninapoandika, usiku wa manane, utamu wa tendo hili haujapungua. Nilidhani utapungua.

21 Mei

Mama Domina kanipa mafiga. Ameyachagua mwenyewe mtoni, Vitalis kayabeba. Aliponikabidhi alisema kuna sehemu ya neno hakunieleza.

"Wale wa pwani walisema jio ni kuja. Kuja kwa giza, ndiyo. Lakini hata mtu anakuja. Anayefika mlangoni saa ya kijio hupewa, awe nani. Hukumwita, humfukuzi. Ukishindwa hilo, unapika chakula tu, na mafiga yangu nitayachukua."

Nikasema ndiyo Mama, ndiyo, ndiyo. Nilikuwa natazama mgongo wa Vitalis akijenga ukuta wa jiko langu.

24 Mei

Jumapili. Jiko langu, moto wangu, mume wangu! Nilipika wali na kuku, sahani mbili za maua, na nikavaa kanga nyekundu. Vitalis alisema nanukia moshi na kwamba hajawahi kusikia harufu nzuri kuliko hiyo. Mama tulikuwa tumempelekea wake. Mbingu ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Tukakaa.

Kivuli kikaja mlangoni. Hildegarda, mikono mitupu.

"Hodi humu."

Vitalis akanitazama. Mimi nikatazama nje, kule kwenye kizingiti cha nyumba kubwa, na Mama Domina alikuwa amekaa pale na sahani yake, uso umegeukia kwetu.

"Karibu, wifi," nikasema. "Umekuja kwa heri?"

"Nimekuja."

"Umekuja kwa nini?"

Alijua ninachotaka. Nilikuwa na mwiko mkononi na nilikuwa tayari kungoja mpaka nyota zitoke.

"Nimekuja kula kijio."

"Kijio cha nani?"

"Marselina," alisema Vitalis.

"Kijio chako, wifi," alisema Hildegarda.

Ah, lile neno kinywani mwake! Basi nikainama juu ya sufuria. Kuku alikuwepo, paja zima. Wali mweupe ulikuwepo. Nilivipita vyote. Nikashusha mwiko mpaka chini kabisa, nikakwangua ukoko, ule mgumu wa rangi ya kahawia, nikamwekea sahani nzima bila hata mchuzi, nikampa kwa mikono miwili kwa heshima zote. Hakuna mtu atakayesema sikumpa.

Hildegarda aliutazama. Akaketi chini karibu na moto wangu, akavunja kipande, kikalia kama kuni kavu. Akafumba macho.

"Vitalis," alisema huku anatafuna, "umemwambia mkeo?"

"Sijamwambia kitu," alisema mume wangu, na alikuwa anacheka, msaliti, mzuri, bega lote linatikisika. "Ua langu, tulipokuwa wadogo tulikuwa tunapigana kwa ajili ya ukoko. Dada alinivunja jino."

"Huko Ruhembe ulikuwa wa mke mkubwa," alisema Hildegarda. Alilamba vidole kimoja kimoja. "Miaka yote ile. Hakuna aliyeniwekea." Kisha akanisogezea sahani. "Umebaki kidogo pale pembeni, wifi. Naona."

Nikamkwangulia. Ningefanyaje? Mama alikuwa anatazama.

Amekula wote. Ameondoka akisema ahsante na kwamba kesho atakuja tena saa hizi hizi.

Aje. Kesho napika kwa moto mdogo, nakoroga toka mwanzo mpaka mwisho, na chini ya sufuria yangu hapatashika hata punje moja.